"Umejaribiwa" Kwenye Kompyuta Ipi? Kwa Nini Mitambo ya Majaribio ya Programu Huongezewa Mifumo Endeshi

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anayefuatilia matangazo ya taasisi za umma hukutana mara kwa mara na maelezo kwamba mfumo fulani umefanyiwa maboresho na kujaribiwa kabla ya kuanza kutumika. Maelezo hayo mara nyingi ni ya kweli, lakini yamebeba swali ambalo ni nadra kuulizwa: umejaribiwa kwenye kompyuta ya aina gani? Mtaalamu aliyeuandaa huenda alitumia kompyuta mpakato yenye Linux. Karani anayeutumia dirishani amewekewa Windows. Mwananchi aliye nje ya dirisha anaufungua kwa simu ya Android. Wote watatu wanatumia mfumo mmoja, na inawezekana kabisa ukafanya kazi kwa mmoja wao tu.

Makala haya yanaeleza namna wataalamu wanavyojaribu kuziba pengo hilo, na kwa nini kuongeza aina moja tu ya kompyuta katika mtambo wa majaribio ni kazi inayoweza kuchukua miaka.

Mfumo endeshi ni programu mama inayosimamia kompyuta nzima. Ndio unaojua faili limehifadhiwa wapi, ndio unaogawa kumbukumbu ya kompyuta, na ndio unaopokea maombi ya programu nyingine zote. Windows ya kampuni ya Microsoft, macOS ya kampuni ya Apple, Linux na Android ni mifano inayofahamika. Kila mmoja una taratibu zake za kuombwa, na programu iliyoandikwa kwa kufuata taratibu za mmoja inaweza kukwama ikipelekwa kwa mwingine, kama karani aliyezoea masijala ya ofisi moja anavyohangaika siku ya kwanza anapohamishiwa masijala nyingine, ingawa majalada ya ofisi zote mbili yameandikwa kwa Kiswahili kile kile.

Zamani kundi la watengenezaji wa programu lilifanya kazi kwa majuma kadhaa kila mtu upande wake, kisha vipande vyote vikaunganishwa siku za uzinduzi zikikaribia. Hapo ndipo migongano ilipogundulika, muda ukiwa umekwisha. Wazo la kuunganisha kazi kila siku, hata mara kadhaa kwa siku, lilienea mwishoni mwa miaka ya 1990 kupitia mbinu za kazi zilizotetewa na Mmarekani Kent Beck, na mwaka 2001 ikatolewa CruiseControl, miongoni mwa programu za mwanzo za kufanya kazi hiyo bila kusubiri mkono wa mtu. Utaratibu huo kwa Kiswahili unaweza kuitwa uunganishaji endelevu. Kila mtaalamu anapowasilisha badiliko, mtambo huchukua msimbo wote, huuandaa upya kwenye kompyuta safi isiyo na mabaki ya kazi iliyopita, huendesha majaribio yaliyokwisha kuandikwa, kisha hutoa jibu la rangi: kijani kwa kufaulu, nyekundu kwa kushindwa.

Neno la kuzingatia hapo ni "kompyuta safi". Kompyuta hiyo lazima iwe na mfumo endeshi wa aina fulani, na rangi ya kijani inayotolewa ni ushahidi kuhusu aina hiyo peke yake.

Mfano unaoonesha jambo hili vizuri ni wa huduma iitwayo Travis CI, iliyoanza mwaka 2011 mjini Berlin, Ujerumani. Huduma hiyo iliwapa watengenezaji wa programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa umma, nafasi ya kujaribu kazi zao bila malipo. Mtengenezaji aliweka faili moja dogo la maelekezo ndani ya kazi yake, na kila badiliko lilijaribiwa bila yeye kumiliki seva yoyote. Huduma ilipokelewa kwa furaha kubwa, kwani kabla ya hapo majaribio ya aina hiyo yalihitaji mtu wa kutunza mashine.

Kompyuta zote za Travis CI mwanzoni zilikuwa za Linux. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Linux haina ada ya leseni, inaweza kunakiliwa mara elfu bila kuomba ruhusa, na ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya seva duniani. Tatizo ni kwamba watu wengi waliokaa mbele ya kompyuta za ofisini na nyumbani hawakuwa wakitumia Linux, na hawatumii hadi leo. Programu ikawa inapewa kijani na mtambo, kisha inasambazwa, kisha malalamiko yanaanza kuingia kutoka kwa watumiaji wa Windows.

Malalamiko hayo hutokana na mambo ambayo kwa asiye mtaalamu yanaonekana madogo mno. Kwenye Linux, njia ya kufikia faili huandikwa kwa alama ya mkwaju (/). Kwenye Windows utaratibu wa asili ni mkwaju ulioegemea nyuma (\). Kwenye Linux, "Ripoti.pdf" na "ripoti.pdf" ni mafaili mawili tofauti yanayoweza kukaa folda moja; kwenye Windows, kwa utaratibu wa kawaida, ni faili moja, na la pili litakaloingia litafuta la kwanza. Linux inaruhusu faili lifutwe wakati programu nyingine bado imelifungua, ilhali Windows mara nyingi hukataa. Aidha, kwa miongo mingi njia kamili ya faili katika Windows ilikuwa na ukomo wa herufi 260, kwa hiyo folda zilizowekwa ndani ya folda nyingine mara nyingi zilivuka kikomo na programu ikasimama bila maelezo ya kueleweka.

Yapo pia majina yaliyopigwa marufuku. Windows haikubali faili liitwe CON, PRN, AUX au NUL, na kwa miaka mingi ilikataa hata likiongezewa herufi za mwisho baada ya nukta. Majina hayo yalitengwa enzi za MS-DOS, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya vifaa kama kibodi na printa, na yamebaki hivyo ili programu za zamani zisiharibike. Msimbo wa Linux yenyewe una mafaili yaitwayo aux.c, na una jozi za mafaili zinazotofautiana kwa herufi kubwa na ndogo tu. Mtu akijaribu kuunakili kwenye Windows ya kawaida, baadhi ya mafaili yanakataa kuingia na mengine yanafutana. Kwa walioandika hapakuwa na kosa lolote. Hawakuwa na sababu ya kujua.

Tofauti nyingine ina historia ambayo wenzetu waliofanya kazi katika ofisi za serikali enzi za mashine za kupiga chapa wataielewa haraka kuliko vijana. Mpiga chapa alipofika mwisho wa mstari alifanya mambo mawili: alirudisha gari la karatasi mwanzo, na alisogeza karatasi juu mstari mmoja. Windows imerithi vitendo vyote viwili, hivyo kila mwisho wa mstari huwekewa alama mbili. Linux huweka moja tu, ya kusogeza. Alama hizo hazionekani kwenye skrini, lakini programu inayolinganisha maandishi herufi kwa herufi itasema mafaili mawili yanatofautiana, ilhali macho ya binadamu hayaoni tofauti yoyote. Saa nyingi za kazi duniani zimepotea katika kutafuta alama hiyo moja.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kushuhudia jambo la namna hii katika ofisi moja ya umma. Programu ya kutoa taarifa ya siku ilikuwa imejaribiwa na mshauri kwenye kompyuta yake na ikafanya kazi bila dosari. Ilipowekwa kwenye kompyuta za ofisi, haikutoa taarifa hata moja. Watu walisubiri kwenye benchi, mafundi wakaangalia nyaya, mtandao na printa, na lawama zikazunguka idara tatu. Mwisho ilibainika kwamba programu iliweka saa ndani ya jina la faili, kwa mfano 08:30, na Windows hairuhusu nukta pacha katika jina la faili. Marekebisho yalikuwa ya herufi moja. Jaribio moja tu kwenye Windows lingeonesha kosa hilo wiki kadhaa kabla.

Kwa nini basi huduma kama Travis CI isingeongeza tu mifumo mingine tangu mwanzo? Hapa ndipo jambo linapokuwa gumu kuliko linavyosikika.

Mwaka 2013 huduma hiyo iliongeza kompyuta za Apple, na mwaka 2014 ikawezesha kazi moja kujaribiwa kwenye Linux na kwenye Mac kwa pamoja. Kikwazo kikubwa upande wa Apple ni cha kisheria zaidi kuliko cha kiufundi. Masharti ya leseni yanataka macOS iendeshwe kwenye mashine zilizotengenezwa na Apple, na kila mashine inaruhusiwa kubeba nakala mbili tu za ziada za kidhahania, yaani kompyuta zinazoigizwa ndani ya kompyuta. Seva moja ya kawaida yenye nguvu inaweza kubeba makumi ya nakala za Linux. Kwa macOS ni lazima kununua au kukodi mashine halisi za Apple na kuzipanga kwenye rafu, jambo ambalo hazikubuniwa kwa ajili yake. Hata kampuni kubwa ya Amazon ilipoanza kukodisha kompyuta za Mac mwishoni mwa mwaka 2020, ilifanya hivyo kwa kuweka Mac mini halisi katika vituo vyake, na mteja alitakiwa kukodi kwa muda usiopungua saa 24, hata kama jaribio lake ni la dakika tano.

Windows ilichukua muda mrefu zaidi. Kwa miaka kadhaa watengenezaji wa programu huria waliishi na mitambo miwili: Travis CI kwa Linux na Mac, na huduma nyingine, AppVeyor, kwa Windows. Kila mtambo ulikuwa na faili lake la maelekezo, lugha yake ya amri na ukurasa wake wa majibu. Badiliko moja likawa na majibu mawili kutoka sehemu mbili, na mara nyingi mmoja wa mitambo ulisahaulika hadi uchakae. Mwaka 2018 pande zote mbili zilisogea: AppVeyor ikaongeza Linux, na mwezi Oktoba Travis CI ikatangaza Windows, kwa tahadhari ya kuiita toleo la awali.

Tahadhari hiyo ilistahili. Maelekezo ya maelfu ya kazi zilizokuwepo yaliandikwa kwa lugha ya amri iitwayo Bash, ambayo ni ya kawaida kwenye Linux na haimo ndani ya Windows. Ilibidi waendeshaji wachague: kuwalazimisha wateja wote kuandika upya maelekezo yao, au kuipeleka Bash ndani ya Windows. Walichagua la pili, kwa kutumia Bash inayokuja na programu ya Git. Vifaa vya ziada, ambavyo kwenye Linux husakinishwa kwa amri moja, vililetwa kupitia msambazaji wa programu za Windows aitwaye Chocolatey. Baadhi ya lugha za programu hazikuwa tayari kabisa. Anayeandika kwa Python, miongoni mwa lugha zinazotumika zaidi duniani, alilazimika kuuambia mtambo kwamba kazi yake ni amri za kawaida tu, kisha aisakinishe Python mwenyewe kila jaribio linapoanza. Kwa mtazamo wa mwandishi, uamuzi wa kutoa huduma ikiwa na mapungufu yaliyotajwa wazi ulikuwa sahihi. Mtambo wenye dosari zinazojulikana bado ulikamata makosa ambayo, bila huo, yangekamatwa na mtumiaji wa mwisho.

Baada ya hapo ushindani ulibadilika. Novemba 2019 huduma ya GitHub Actions ilifunguliwa rasmi kwa umma ikiwa na Linux, Windows na macOS kwa pamoja, na mtengenezaji aliweza kuomba zote tatu kwa mstari mmoja wa maelekezo.

Mstari mmoja huo, hata hivyo, una gharama. Kwa miaka mingi GitHub ilihesabu matumizi ya kazi za faragha kwa kupima kila dakika kulingana na mfumo endeshi: dakika moja ya Linux ilihesabiwa moja, ya Windows ilihesabiwa mbili, na ya macOS ilihesabiwa kumi. Tuchukue jaribio linalochukua dakika 10. Likiendeshwa kwenye Linux peke yake, akaunti ya bure iliyopewa dakika 2,000 kwa mwezi ingetosha kwa majaribio 200. Likiendeshwa kwenye mifumo yote mitatu, kila awamu inakula dakika 10, 20 na 100, jumla 130, na dakika zile zile 2,000 zinaisha baada ya awamu 15. Kundi dogo lenye bajeti finyu litaona hesabu hiyo na kuamua kujaribu Mac mara moja kwa juma, au kuacha kabisa. Uamuzi huo haumo katika tangazo lolote la uzinduzi, lakini mtumiaji wa Mac ataufahamu kwa njia yake.

Gharama nyingine ni ya muda. Mfumo endeshi uliokwisha kuongezwa hautulii. Microsoft ilisitisha rasmi msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na katika mwaka huo huo GitHub iliondoa kwenye mtambo wake kompyuta za Ubuntu 20.04, ambayo ni aina ya Linux, pamoja na za Windows Server 2019. Kazi zilizokuwa zimetaja matoleo hayo kwa jina zilisimama hadi maelekezo yaliporekebishwa. Upande wa Travis CI, iliyokuwa imenunuliwa na kampuni ya Idera mwezi Januari 2019, utaratibu wa malipo ulibadilishwa Novemba 2020 kwa namna iliyobana matumizi ya bure, na anuani yake ya awali iliyohudumia programu huria ikafungwa Juni 2021. Kazi nyingi zilihamia kwingine, na ni wazi kwamba aliyekuwa na maelekezo ya mifumo mitatu alikuwa na kazi kubwa zaidi ya kuhama kuliko aliyekuwa na mmoja.

Hapa nchini mambo haya hayako mbali. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, jina la mradi lilitaja Linux ilhali ofisi nyingi zilikuwa na Windows. Kutafsiri maneno ilikuwa nusu tu ya safari. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilifanyika kwa vishikwambi mikononi mwa makarani, wala si kwa kompyuta za mezani ambazo wataalamu wengi huandalia programu. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeweka msingi wa kisheria wa huduma za serikali kutolewa kwa njia ya mtandao, na kadiri huduma hizo zinavyoongezeka ndivyo aina za vifaa vinavyogonga mlango wake zinavyoongezeka.

Ni kweli kwamba mifumo mingi ya sasa hufunguliwa kwa kivinjari cha intaneti, na kivinjari huficha tofauti nyingi zilizoelezwa hapo juu. Hakifichi zote. Faili linalopakuliwa bado linahifadhiwa na mfumo endeshi, risiti bado inachapishwa na printa iliyounganishwa na mfumo endeshi, na programu ndogo za kusoma kadi au alama za vidole kwenye dirisha la huduma bado husakinishwa ndani yake moja kwa moja. Sehemu hizo ndizo zinazohitaji kujaribiwa kwenye kompyuta zinazofanana na za dirishani. Afisa anayesimamia mkataba wa kuandaa mfumo anaweza kudai, kama sehemu ya makabidhiano, orodha ya mifumo endeshi na matoleo yaliyomo katika mtambo wa majaribio wa mkandarasi, pamoja na majibu ya majaribio ya mwisho kwa kila mmoja. Ni ukurasa mmoja wa karatasi, na mkandarasi aliyefanya kazi yake ataupata kwa dakika chache.

Mwananchi naye anaweza kusaidia anapokutana na hitilafu. Taarifa isemayo "mfumo haufanyi kazi" humwacha fundi akikisia. Taarifa inayotaja kifaa, mfumo endeshi, toleo lake, saa ya tukio na maneno ya ujumbe uliotokea humwezesha kuomba kompyuta ya aina hiyo hiyo kwenye mtambo na kulirudia kosa. Kwenye Windows, toleo huonekana kwa kubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, kisha kuandika winver na kubonyeza Enter. Kwenye kompyuta ya Apple, bonyeza nembo ya tufaha iliyo kona ya juu kushoto na kuchagua mstari wa kwanza. Kwenye simu nyingi za Android, fungua sehemu ya mipangilio, teremka hadi mwisho mahali panapoeleza kuhusu simu, na uandike namba ya toleo iliyopo hapo.